Ala Iliyotumika: Debe

Kinyozi wa Masasi ananitazama kupitia kioo,
mashine imetulia juu ya kisogo cha mteja.
Redio yangu, anasema. Luku nimenunua mimi.
Wimbo umejipitia hewani kama moshi wa jirani.
Unanidai nini?

Nina kitabu cha stakabadhi, beji yenye picha iliyofifia,
na mwaka wa sita wa kujibu swali hilohilo.
Namwambia: korosho zako zikifika ghalani
hazigeuki kuwa za ghala.
Anacheka mpaka mteja anageuka.
Bwana, msimu uliopita nilisubiri malipo
hadi karani wa chama cha msingi akabadili namba ya simu.
Tafuta mfano mwingine.

Analipa nusu. Naandika nusu.

Nusu hiyo husafiri. Hukutana na nusu za baa za Ndanda,
na za ukumbi wa harusi Nanyamba,
zikamwagwa chungu kimoja, zikahesabiwa:
nani alipigwa, mara ngapi, redio gani.
Hukatwa za ofisi (nami humo ndimo ninamokula, sifichi),
kisha orodha hushuka mpaka mezani kwangu.

Mwaka huu, namba nne:
ule wimbo wa alfajiri, kabla ya matangazo ya vifo.
*Wa asili. Mtunzi: hajulikani.*
Mwaka wa tatu fedha yake imekaa
haina wa kutumiwa.

Hajulikani na nani?
Newala nzima inamjua. Anakaa nyuma ya mashine ya kusaga,
ana mbuzi wawili na deni dukani.

Jumapili, siku isiyolipwa, nikapanda na fomu.
Bi Somoe Namahala aliisoma kwa masikio.

Jina la wimbo?
Hauna. Mtu unayeishi naye unamwita jina la nini?
Mwaka wa kutungwa?
Mwaka bomba lilipokufa, tukarudi kuteremka bondeni usiku.
Ala iliyotumika?
Debe.
Debe tupu, akasahihisha. Tukishuka tunalipiga kwa vidole,
ndiyo maana beti za mwanzo zina mbio.
Tukipanda limejaa, liko kichwani, halisemi kitu,
unasikia pumzi tu.
Hao wenu wa redio wamekata sehemu ya kupanda.
Wimbo uko hapo.

Shuleni tuliimbishwa kwamba debe tupu haliachi kuvuma
tukawacheka wenye maneno mengi.
Hakuna aliyetuambia
kwamba lilikuwa linakwenda kuteka maji.

Asilimia ya mtunzi. Nikaandika mia.
Akanishika kalamu.
Hamsini mwandikie Sikudhani.
Sikudhani ni nani?
Mke mwenzangu. Mimi nilitoa, yeye akaitikia.
Uani hatukusemezana miaka tisa. Njia ya maji, ndiyo.
Usipoitikiwa huimbi, unaropoka.

Yuko wapi?
Akaonyesha kwa kidevu, upande wa makaburi.

Fomu haina safu ya mke mwenza.
Ina *mshirika*. Nikaandika hapo.
Akataka kujua nimeandika nini, nikamsomea.
Akalirudia neno mara mbili, polepole,
kama anayeonja chumvi ya mchuzi wa mtu mwingine.
Kisha: weka na namba ya mwanawe, yule wa Tandahimba.
Asiyenisalimu.

Dole gumba, wino wa zambarau, basi.

Machi zikatoka: elfu ishirini na moja na mia sita,
kila upande. Haijengi hata choo.
Bi Somoe akafuta deni, kilichobaki akanunua pumba za mbuzi.

Yule wa Tandahimba akanipigia kwa ukali,
akidhani mimi ni wale wa *ile hela tuma namba hii*.
Hela ya nini?
Ya kuitikia, nikasema.
Akakata.

Nilikuwa tena kwa kinyozi, tunabishana,
simu ikaita. Ni yeye.
Hakusalimu. Nilisikia pumzi tu,
kama mtu anayepanda mlima na kitu kichwani.

Nani, akauliza, nani alimwandikisha mama?